Paa la Baba Mkwe

Kanoni, Jumamosi mchana

Atugonza mwanangu,

Marahaba. Nimekuitikia mapema, kwa sababu ukishaimaliza barua hii sijui kama utataka kuniamkia tena, na mimi sitakulaumu.

Wewe na mama yako mmekwenda Kituntu kumuaga bibi. Mtarudi jioni mmebebeshwa ndizi na maharage kana kwamba Mwanza hakuna soko. Nimebaki peke yangu sebuleni, nimekaa kwenye meza uliyofanyia kazi zako zote za shule, na nimeshachana karatasi tatu. Habari za kufunga mlango, kupiga simu na kutomwamini kila anayekuita dada, mama yako ameshazisema na atazisema tena mpaka basi liondoke. Mimi nina jambo moja tu. Nimelificha miaka sita, na kesho unaondoka.

Kazi unayokwenda kufanya naijua. Siku ulipopata barua ya ajira ulinisomea mwenyewe, umesimama mlangoni, sauti inakutetemeka kwa furaha. Utazunguka mitaa ya Mwanza nyumba hadi nyumba, utapanda, utapima, na utaandika paa gani linaweza kubeba sola na lipi haliwezi. Nilikujibu "Vizuri," nikatoka kwenda kuangalia kahawa ambayo haikuhitaji kuangaliwa. Uliumia. Mama yako aliniambia. Tangu ulipochagua umeme wa jua kule chuoni nimekuwa hivyo, na najua unaamini sababu ni kwamba wewe ni msichana, kwamba naona haya binti yangu kuonekana juu ya mabati ya watu. Si hivyo. Ungekuwa mvulana ningenuna vilevile. Kazi hiyo niliifanya miaka tisa, halafu nikaiacha nikawaambia nyote kwamba ni mgongo. Mgongo wangu ni mzima kabisa. Niliiacha kwa sababu ya babu yako wa Kituntu.

Lakini kwanza ujue nilivyoipenda, usije ukadhani baba yako alikuwa mbabaishaji tangu mwanzo. Nilifunga taa katika nyumba za Nyakasimbi ambazo watoto wake walikuwa wanasomea kwenye moto wa kuni. Nilipoibonyeza swichi mara ya kwanza, watu wazima walikuwa wanacheka peke yao. Mwanza nilifika mara moja tu, kufuata betri. Mwenyeji wangu alikuwa anakaa mlimani, katikati ya yale mawe makubwa, na asubuhi nilisimama mlangoni kwake nikaona mabati yameteremka mpaka ziwani, mengi hata huwezi kuyahesabu, yote yanaota jua bure. Siku hiyo umeme ulikuwa umekatika na majenereta yananguruma kila upande. Nilirudi Karagwe nikimwambia kila mtu kwamba iko siku mji ule utajiwashia taa wenyewe. Bado naamini hivyo.

Tatizo ni kwamba nilikuwa nayaangalia yote kwa pamoja, kutoka mbali. Wewe utayapanda moja moja. Utakuta hili limelaliwa na kivuli cha jiwe mpaka saa nne, lile jirani ameinua ghorofa upande wa mashariki, jingine mbao zake zimeliwa na mchwa, na la nne tangi la maji limesimama palepale ambapo paneli ingekaa. Mji mzima una jua la kutosha, lakini hakuna mtu anayekaa katika mji mzima. Kila mtu anakaa chini ya paa lake.

Sasa nije kwa babu yako.

Unamkumbuka mwalimu yule, alivyokuwa mrefu na fimbo yake, alivyokusahihisha mwandiko hata kwenye kadi ya Krismasi. Ulijua ana sukari. Labda hukujua kwamba kwa miaka mingi dawa yake ya sindano ilikaa kwenye mtungi. Nesi wa zahanati alimfundisha bibi yako: mtungi mdogo ndani ya mkubwa, katikati mchanga, na mchanga unamwagiwa maji asubuhi na jioni. Dawa ilikaa humo vizuri kabisa. Hapa kwetu penye baridi, mtungi ulikuwa unatosha.

Pasaka moja tulikwenda kuwasalimia baada ya misa, na wageni walikuwa wamejaa. Babu yako akanyoosha fimbo kunielekea mimi, niliyekuwa nimejibanza karibu na mlango, akasema, "Wenzangu wana wakwe wa maneno. Huyu wangu ananiletea friji ya jua." Hakuwa amewahi kunigusia jambo hilo hata siku moja. Watu wakapiga makofi. Na mimi, mwanangu, nilifurahi. Nilikuwa nimeoa binti yake bila kitu chochote cha maana mkononi, na kwa mara ya kwanza alinitaja mbele za watu kwa jina la kazi yangu.

Wageni walipoondoka alinitoa nje.

"Paneli itakaa upande huu wa barabara," akasema. "Watu wakitoka kanisani waione."

"Ndiyo, baba."

"Na jua la hapa linatosha?"

Nyumba ile unaijua ilivyozama ndani ya kibanja cha migomba. Upande wa barabara kuna ule mti mkubwa wa mtoma, kivuli chake hakiondoki kwenye bati mpaka karibu saa tano, na saa tisa migomba inaanza kulaza kivuli chake. Upande wa nyuma, juu ya jiko la bibi, ndiko kwenye jua kutwa nzima. Niliyaona yote hayo nikiwa nimesimama palepale. Na kwetu sisi mafundi wa sola, hata mwanafunzi anajua kwamba kivuli cha jani moja la mgomba juu ya paneli kinaiba umeme kuliko ukubwa wa jani lenyewe.

"Linatosha, baba," nikasema.

Unajua baba mkwe alivyo kwetu. Nilikuwa sijawahi kula nikimwangalia mzee yule usoni. Kupanda paa lake, miguu yangu iwe juu ya kichwa chake na yeye amekaa chini, lilikuwa jambo ambalo hata kulifikiria niliona haya. Kwa hiyo mimi, niliyekuwa najisifu kwamba sifungi paneli ya mtu bila kupanda mwenyewe, nilisimama uani nimefunga mikono nyuma, nikamtuma fundi mwenzangu apande aifunge pale fimbo ilipoonyesha. Yule mwenzangu akiwa juu aliniuliza kwa macho. Niligeuza uso.

Bibi yako akaja na swali lake. "Na mtungi wangu?"

"Mama, mtungi ni mambo ya zamani," nikamjibu, tena nikicheka. "Panda vitunguu humo."

Akapanda vitunguu.

Mvua zilipokolea, friji ikawa inazimika kabla jogoo hajawika. Babu yako akanipigia simu. Nilikuwa Nkwenda, huko Kyerwa, juu ya paa la mtu mwingine, na nilishuka kwenye ngazi ili nizungumze naye nikiwa chini, kwa heshima. Hata kwenye simu nilikuwa siwezi kuwa juu yake.

"Mkwe, friji yako inachoka alfajiri."

Sababu niliijua. Suluhisho lake lilikuwa kazi ya nusu siku: kuhamishia paneli nyuma. Lakini ningesema hivyo ningekuwa namwambia mzee kwamba upande alioonyesha kwa fimbo yake haukufaa, na kwamba mimi nilijua siku ileile nikanyamaza. Nikatafuta njia ya kuzunguka.

"Baba, mchana jua likitoka, kile kitufe cha baridi kizungushe mpaka mwisho. Itashika baridi nyingi, itakaa nayo mpaka asubuhi."

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho, baba."

"Haya. Wewe ndiye fundi."

Nikapanda tena ngazi, nikaendelea na kazi yangu, nikasahau.

Yeye hakusahau. Alikuwa mwalimu, ukimpa kanuni anaifuata. Mvua zikakatika, anga likawa jeupe, jua la mchana likawa kali, na kila siku baada ya chakula babu yako alinyanyuka akaenda kuzungusha kitufe mpaka mwisho kama mkwe wake alivyomwelekeza. Dawa ikawa inaganda mchana na kuyeyuka usiku. Asubuhi inaonekana ni ileile, maji yaleyale kwenye chupa ileile, naye anajichoma. Akaanza kunywa maji bila kiasi na kukonda. Akasema ni uzee. Mficha maradhi kifo humuumbua, na yeye alikuwa mtu wa kuficha. Lakini katika nyumba ile mimi ndiye niliyeficha zaidi.

Bibi yako aliponiita nilifika mchana. Watu walikuwa wanatafuta gari la kumpeleka hospitali. Bibi akafungua friji achukue dawa aende nayo, akanipa nimshikie, na mkononi mwangu nikasikia dawa haichezi ndani ya chupa. Ilikuwa barafu, na nje chupa imegandiwa na barafu.

"Mchana huwa hivyo," bibi akaniambia. "Asubuhi inakuwa maji tena."

Nikaitia mfukoni.

Hospitali nesi aliuliza dawa inahifadhiwa wapi, na kabla sijafungua mdomo bibi yako akajibu kwa fahari, "Kwenye friji." Yule nesi akasema ni vizuri, mradi isigande, kwa sababu dawa hiyo ikishaganda imekufa hata kama itayeyuka. Alisema huku anaandika, hakumwangalia mtu. Mimi nilisimama pale chupa inayeyuka mfukoni, suruali inalowana pajani, na sikusema neno. Ningesema, wangejua saa ileile. Labda isingebadilisha kitu, kwa maana walimwanzishia dawa nyingine papo hapo, lakini mimi sikunyamaza kwa sababu hiyo. Nilinyamaza kwa sababu niliogopa.

Aliishi siku nne. Siku ya tatu aliniita karibu na kitanda.

"Friji yako ilinifaa, mkwe."

"Ndiyo, baba."

Hilo ndilo neno langu la mwisho kwa babu yako. Sijui kama alikuwa amejua na akataka kunipa nafasi ya kusema, au kama alikuwa ananishukuru tu. Nimeligeuza neno hilo kila namna, na bado sijui.

Daktari alisema ni sukari na umri. Friji hakuitaja. Kwa hiyo siwezi kukuapia kwamba babu yako angekuwepo leo. Ninachoweza kukuapia ni kile nilichokifanya. Wewe ulitoka shule ukaja mazishini, ukanilalia begani ukalia mpaka shati likalowa, nami nikakupigapiga mgongoni kama mtu asiye na lake. Aliyesoma wasifu wa marehemu alimshukuru mkwe aliyemletea baridi nyumbani. Niliinamisha kichwa, na watu wakadhani ni unyenyekevu.

Baada ya hapo sikuweza tena kupanda paa la mtu. Kila mwenye nyumba akiniuliza jua linatosha, nilikuwa nakusanya vifaa vyangu naondoka. Nikasema ni mgongo, nikarudi kwenye kahawa.

Barua yako ya ajira ilipokuja nilimwambia mama yako. Alikuwa anamenya ndizi. Hakulia, hakunitukana, aliendelea kumenya mpaka zikazidi chakula cha watu wote wa nyumba hii. Kisha akasema, "Kamwambie mama yangu. Halafu mtoto." Siku tatu hakusema nami neno jingine. Ulidhani tumegombana juu ya safari yako, ukaja kutupatanisha, na mimi nikakuacha uamini hivyo. Hilo nalo nisamehe.

Nikaenda Kituntu. Friji bado iko palepale sebuleni, haiwaki, bibi yako anawekea mashati ya marehemu. Nilimwambia yote nikiwa nimepiga magoti, kitufe, simu, chupa ya mfukoni. Halafu akasema maneno ambayo naomba uyachukue kuliko kitu chochote kingine nilichowahi kukupa.

"Ungemwambia haiwezekani," alisema, "angekununia wiki mbili. Ningepika, angekula huku amenuna. Basi."

Wiki mbili, Atugonza. Hiyo ndiyo bei niliyoikimbia. Nilikuwa nimejenga kichwani mwangu kwamba kumkatalia baba mkwe ni kuvunja mbingu, kumbe mwanamke aliyekaa naye maisha yake yote alijua ni wiki mbili za kununa. Sikumwomba anisamehe, wala hakusema kwamba amenisamehe. Aliniambia tu nifunge mlango vizuri nikitoka, kuku wasiingie.

Na kuna jambo ambalo huenda umelisahau. Ulikuwa na miaka minane. Walikuja wageni wa parokiani, na mmoja akakuuliza kama kuna maziwa. Ukajibu, "Yameisha, tumeyanywa asubuhi." Nilikuita nyuma ya nyumba nikakufinya sikio, nikakuambia mgeni haambiwi hakuna, anaambiwa subiri. Halafu nikamtuma mama yako kwa jirani kuazima maziwa. Ulilia ukaniuliza, "Lakini si yameisha kweli, baba?" Sikukujibu. Nakujibu leo: yalikuwa yameisha kweli. Wewe ndiye uliyesema sawa, na mimi nilikufinya kwa sababu ya ukweli huo, na nimekuwa nikikufinya kwa njia nyingine miaka yote hii, mpaka ukawa binti anayesifiwa kila mahali kwa kusema "ndiyo" vizuri. Wazee wa Kanoni wanasema nimekulea. Nikiwasikia roho inaniuma.

Maana huko uendako, hilo "ndiyo" lako ndilo linalonitisha. Utakutana na mama mwenye adabu zake, amekukaribisha chai, amekuita mwanangu, na paa lake halifai. Utakutana na mzee wa rika la babu yako ambaye ameshawatangazia majirani. Watakuonyesha upande ambao watu wataona, na watakuuliza kama jua linatosha, na hawatakuwa wanauliza, watakuwa wanaomba. Nami nakujua. Utawahurumia. Utatafuta njia ya kuzunguka, kama mimi nilivyotafuta, na njia ya kuzunguka huwa ipo siku zote, huwa ni kitufe tu cha kuzungusha.

Heshima si utumwa, tunasema hivyo kila siku, na bado niliifanya heshima yangu kuwa utumwa na aliyeumia si mimi. Sisemi ukawe mkavu. Kunywa chai yao, waamkie, piga goti kama ulivyofundishwa. Kisha panda. Panda hata kama ni paa la padri. Ukishaona kwa macho yako, shuka useme ulichokiona, na kama pana upande wa nyuma unaofaa, waambie paneli ikae huko. Wakinuna, waache wanune. Na ukikosea, kwa sababu utakosea, rudi siku hiyohiyo ukaseme kabla chupa haijayeyuka mfukoni.

Kipimo na kamba utapewa kazini, hivyo sikuhangaika navyo. Na sitaki uende huko ukidhani unarithi kazi ya fundi mzuri aliyeharibikiwa na mgongo. Unarithi kazi ya mtu aliyeogopa kumkatalia mzee. Uijue ilivyo, halafu uifanye vizuri kuliko yeye. Nilipokuona juzi juu ya bati la jikoni kwetu, umekaa kimya unaangalia kivuli cha mgomba kinavyosogea na unaandika, nilijificha nyuma ya ghala nikalia. Sijawahi kujivunia kitu namna ile.

Nilikuwa na mpango wa kuipenyeza barua hii katikati ya nguo zako, uikute umeshafika Mwanza. Mama yako aliniona na bahasha mkononi, akaniuliza, "Unataka aisome akiwa mbali ili usimwone uso?" Ndivyo nilivyotaka. Kwa hiyo nitakupa mkononi leo, mkishafika tu, kabla ya chakula.

Basi lako linaondoka kesho saa kumi na mbili asubuhi, na mizigo yako ni mizito. Nitakuwa nimekaa kwenye benchi la nje. Ukitaka nikubebee mpaka stendi, niite. Kama hutaki, usipite kimya, na usiseme ndiyo kwa sababu mimi ni baba yako. Simama mbele yangu useme hapana, nikiwa nakuangalia.

Sitanuna.

Baba yako